Mashine ya mlango wa mbele kwa dobi ndogo

SWALI: Habari kaka, nataka kufungua dobi Mbagala, nimeona mashine ya mlango wa mbele kilo 7 bei poa, inafaa kweli?

JIBU: Dada, kilo 7 ni ya nyumbani hiyo, blanketi zito halizunguki vizuri humo, jikaze uchukue kilo 10 kwenda juu. Maji inakula kidogo kuliko ya kufungulia juu ila ukifulia ya moto luku itakuliza, hita peke yake huwa kama wati 2,000, kwahiyo nguo za kawaida fua na baridi tu. Tenki liweke juu, presha ikiwa ndogo inagoma kujaza. Sabuni chukua ya otomatiki, ya mkono povu litakutesa. Halafu kabla hujalipa ulizia beringi na mpira wa mlango Kariakoo, ukiambiwa "mpaka tuagize" achana nayo.