Wanakuja kula Noeli au kuniaga?

*Jambo mama,*

*Mimi ni mama wa miaka 44, naishi Kadutu, hapa Bukavu. Mwezi wa saba walinipasua titi la kushoto kwa sababu ya kansere, na sasa niko kwenye shimio, zile dawa kali za kansere zinazotiwa mshipani, kila baada ya wiki tatu. Zamu inayofuata ni Alhamisi tarehe 18 Desemba.*

*Nyumba yetu ndiyo nyumba ya Noeli. Bwana wangu ni kifungua mimba kwao, basi kila mwaka wote wanajaa kwetu tangu Noeli mpaka Bonane, sikukuu ya Mwaka Mpya: mama mkwe, mashemeji, watoto, hata wale wa Goma wanaokuja na boti. Mimi ndiye ninayesonga bugali, ninayetwanga sombe ya majani ya muhogo, ninayegawa nyama. Tangu vita vilipofika kwetu Februari familia imetawanyika, na mama mkwe amesema mwaka huu asikose mtu. Nilifurahi. Kisha nikamsikia mulamu wangu, dada ya bwana wangu, jikoni kwenye simu: «Mfike wote, huenda ndiyo Noeli yake ya mwisho.» Ni huyo huyo aliyenitengea sahani na kopo langu peke yangu, amelipaka rangi nyekundu kwenye kitako ili watoto wasilitumie. Mama mkwe naye ameita watu wa chumba cha sala waje siku ya Noeli kuniwekea mikono. Wanataka niache shimio, ninywe dawa ya majani.*

*Binti yangu wa miaka 16 anajua. Mdogo wake wa miaka 9 tumemwambia ni malaria. Zamu iliyopita aliona mkojo wangu mwekundu kwenye ndoo, akalia usiku mzima. Wanawake wa familia wamenunua kitambaa cha kikwembe cha aina moja. Changu bado kimekunjwa, sijui libaya, blauzi yake, litakaaje kifuani pangu.*

*Nataka kuwaona. Sitaki kuagwa. Nijikaze nifanye Noeli kama kila mwaka, ama nijifungie chumbani?*

*Mama wa Kadutu*

Dada yangu,

Usijikaze, na usijifungie. Noeli ifanyike kwako, lakini safari hii iwe na kipimo, na kipimo hicho kitoke kwako.

Nianze na lile neno la jikoni, maana najua ndilo linalokuamsha usiku. Katika barua yako yote sikuona mahali munganga wa hospitali amesema hivyo. Mwenye haki ya kuuliza habari za siku zako ni wewe, siku utakayotaka, na wa kukujibu ni munganga wako. Mulamu wako hakutumwa na mtu. Naamini alisema kwa hofu kuliko kwa ubaya, lakini hofu yake isigeuzwe mwaliko wa sikukuu. Watu wakialikwa kwa neno hilo, wataingia mlangoni tayari na machozi, na wewe utashinda siku nzima ukiwabembeleza watu waliokuja kukufariji.

Nimeona jambo jingine. Bwana wako umemtaja mara moja tu, kama kifungua mimba. Yuko wapi katika mambo haya? Mama mkwe ni mama yake, mulamu ni dada yake, na wageni wanakuja kwa jina lake. Wewe unayetapika kwenye ndoo huwezi tena kuwa wa kumkatalia mama yake. Mkalishe jioni moja, watoto wakiwa wamelala, umweleze haya yote, na lile la simu usilifiche. Kisha yeye ndiye apige simu kwa kila nyumba: «Mke wangu anatibiwa. Mnakaribishwa tarehe 25, saa tano hadi saa tisa. Mwenye kikohozi, mafua au homa abaki kwake, tutamtumia chakula. Na habari za Noeli ya mwisho sitaki kuzisikia nyumbani kwangu.» Likitoka kinywani mwake, hakuna atakayesema umeringa.

Sasa tuchukue kalenda. Ukikojoa mwekundu baada ya kutiwa serumu ya shimio, inaelekea umo katika ile dawa nyekundu inayotumiwa sana kwa kansere ya titi. Kwa wengi kichefuchefu kinasumbua zaidi siku za kwanza, kwa hiyo tarehe 25, siku ya saba, huenda ukaweza kukaa na watu na kuonja kitu. Lakini ndani ya damu mambo yanakwenda kinyume. Chembe nyeupe, zile zinazopigana na magonjwa, zinaendelea kushuka, na kwa dawa hiyo mara nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14. Hesabu: tarehe 28 Desemba mpaka Bonane yenyewe. Siku hizo utajiona umepona, kumbe ndizo siku mafua yanayompita mtoto kwa siku tatu yanaweza kukulaza hospitalini.

Kwa hiyo Noeli ndiyo, Bonane hapana. Wa Goma walale kwa shemeji mwingine, na Bonane iliwe huko. Najua ni neno gumu katika familia iliyozoea kulala kwako juma zima, watoto wamepangwa sebuleni kama samaki wadogo, sambaza, kwenye sinia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi wakusaidie upone.

Hapa naomba unisikilize vizuri zaidi ya kote. Kwetu mtu akipata homa, wa kwanza kushitakiwa ni malaria, na vidonge vinamezwa palepale. Kwa mtu wa shimio hiyo ni hatari. Joto likifika 38, au ukitetemeka, usimeze Parasetamoli ukangoja asubuhi, kwa sababu inashusha homa huku ugonjwa unaendelea kimyakimya. Nenda hospitalini saa ile ile, hata kama ni usiku wa Noeli na mvua inanyesha, uwaambie tangu mlangoni: «Niko kwenye shimio, nilipata tarehe 18.» Malaria watapima na yenyewe, lakini hawatakusahau kwenye benchi. Tarehe 18 usitoke bila kuuliza siku za sikukuu nani yuko zamu, unapiga namba gani. Nunueni kipimajoto, na bwana wako apatane mapema na mtu wa gari na aweke hela ya safari pembeni, kwa sababu usiku huo kutafuta motari wa pikipiki ni bahati. Ukitaka tarehe ya shimio isogezwe, mwombe munganga mwenyewe. Kuruka zamu kwa sababu ya wageni, usithubutu.

Jikoni. Kama walikutoa pia tezi za kwapani, mkono wa kushoto unaweza kuvimba, na uvimbe huo ukizoea hauondoki kwa urahisi. Kusonga bugali ya watu wengi hivyo, kutwanga sombe, kuinua sufuria kutoka kwenye jiko la mbabula: mwaka huu hapana. Mkono huo usiungue, usikatwe, na usiuzoeze kudungwa sindano wala kupimwa presha. Tena moshi na harufu ya sambaza inayokaangwa vitakurudishia kichefuchefu ambacho siku saba zilikwisha kukuondolea.

Mwiko umpe nani? Usimpe binti yako. Msichana wa miaka 16 anayebeba siri ya nyumba nzima ameshabeba vya kutosha, mwachie Noeli yake. Mpe mulamu. Ndiyo, yeye. Mtu mwenye hofu akipewa kazi anatulia, na atakayesonga bugali yako hatakuwa na nafasi ya kukutazama kama maiti. Lakini kugawa nyama ubaki nako. Uketi kwenye kiti chako, sinia ikiletwa mbele yako imeiva, wewe ndiye useme hiki cha mama mkwe, hiki cha mtoto wa mwisho. Hapo ndipo kila mtu ataona nyumba ni ya nani.

Wewe mwenyewe kula kidogo kidogo. Midomo ikiwa na vidonda, weka mbali pilipili na vya kuchacha. Supu ya moto kiasi, ndizi iliyopondwa, yai lililoiva kabisa. Nyama ikikuletea ladha ya chuma mdomoni, kula samaki au maharage. Saladi mbichi, maji yasiyochemshwa na pombe ya kasiksi viache, na kile chakula cha Noeli kinacholala usiku na kuliwa kesho yake kikiwa baridi usikiguse. Ukichoka, inuka ukalale. Usiombe ruhusa.

Kwa misa, mkesha wenye watu waliobanana haukufai. Chagua misa yenye nafasi, ukae karibu na mlango, au mwombe padri akuletee komunyo nyumbani. Na akikupa mpako wa wagonjwa, mweleze mama mkwe mapema kwamba sakramenti hiyo ni ya mgonjwa yeyote mwenye ugonjwa mzito, hata anayepona, asije akadhani unaagwa, akapiga yowe.

Lile kopo lenye rangi nyekundu limeniuma kuliko yote. Kansere haiambukizi. Si kwa kopo, si kwa sahani, si kwa jasho, si kwa kulala kitanda kimoja. Mwambie mulamu ana kwa ana, bila hasira: «Mulamu, ungekuwa ugonjwa wa kuambukiza, mume wangu angekuwa wa kwanza. Hili kopo naliondoa leo.» Kisha uliondoe yeye akiona. Jambo moja tu lina ukweli, na umweleze ili aone humfichi: siku mbili hivi baada ya serumu, dawa inatoka kwenye mkojo na matapishi. Anayeosha ndoo au mashuka avae glavu, anawe kwa sabuni, na choo kimwagiwe maji ya kutosha. Hiyo ni dawa, siyo ugonjwa, na ikifika Noeli itakuwa imeshapita. Kunawa mikono kwenye mlango wako kutakuwako, lakini ni kwa ajili ya kukulinda wewe dhidi ya magonjwa yao, siyo kuwalinda wao dhidi yako.

Watu wa sala usiwafukuze. Sala haigombani na shimio. Lakini wasiwe kundi, waje wachache, wazima, wasali muda mfupi kabla ya chakula, na kuwekewa mikono uamue wewe kama unataka na wapi. Kifua chako hakiguswi na mtu. Kuhusu majani, kataa moja kwa moja: ini na figo zako zina kazi ya kusafisha dawa kali, na hujui ndani ya chupa hiyo kuna nini wala kinapigana vipi na shimio. Mama mkwe atakapokusihi, mshike mkono umwambie, «Mama, niombee shimio hii ifanye kazi.» Ni ombi ambalo mama anayeamini hawezi kulikataa, na tayari litakuwa limemweka upande wako.

Kijana wako wa miaka 9 aambiwe kabla boti ya Goma haijatia nanga. Katika nyumba iliyojaa namna hiyo, binamu yake atamwambia uani kwa maneno mabaya. Kaeni naye, wewe, baba na dada yake. Sema jina: kansere. Sema haikutoka kwake, hakuna alichofanya, na hawezi kuipata kwa kukukumbatia. Mwambie mkojo ulikuwa mwekundu kwa sababu dawa yenyewe ni nyekundu, na siku moja au mbili unarudi kawaida. (Wewe ukiuona bado mwekundu baada ya hapo, mwambie munganga, huenda ni damu.) Mwambie siku ukilala hospitalini nani atampikia na nani atampeleka shule, watoto wanaliwazia hilo kuliko tunavyodhani. Akiuliza kama utakufa, na anaweza kuuliza, usimwapie. Sema, «Wanganga wananitibu ili nipone. Kukiwa na neno jipya, nitakuambia mimi mwenyewe.» Na neno hilo ulishike. Binti yako utamwona siku hiyo hiyo akipumua.

Kuhusu kikwembe, kipeleke kwa fundi kabla ya tarehe 18, maana wiki ya Noeli atakuwa amezidiwa na baada ya serumu hutakuwa na miguu ya kupanda mitelemko ya Kadutu. Chagua fundi mwanamke unayemwamini, umwambie ukweli, akupime mkiwa wawili. Ndani ya sidiria, upande wa kushoto, ashone mfuko mdogo wa pamba, ujazwe kitambaa laini kiasi cha kulingana na upande wa pili, kisikwaruze kovu. Mkono wa kushoto wa libaya uwe mpana, bila elastiki. Na umwachie kipande cha kilemba cha kikwembe hicho hicho, kikubwa cha kutosha kufunika kichwa chote.