Kutu ya shina: sampuli iingie kwenye bahasha ya kaki
Uliyeuliza kwa nini mashina ya ngano yenye kutu ya shina (ugonjwa wa ukungu) uliyotuma Nairobi kutoka Narok yalifika yameota ukungu: ni huo mfuko wa plastiki. Unyevu ukifungiwa ndani, ukungu mwingine huvamia na spora za kutu (chembe zake za kuzaliana) hufa. Kata kipande cha shina chenye malengelenge ya rangi ya matofali, vua ala ya jani (sehemu inayolizunguka shina), kikauke kivulini usiku kucha, ndipo ukitie kwenye bahasha. Usikiache juu ya dashibodi ya gari, joto litaziua spora. Andika tarehe, aina ya ngano na namba za GPS. Sampuli za namna hii ndizo zilizoonyesha Ug99, aina kali ya kutu ya shina, ikitoka Uganda (1998) hadi Yemen na Iran. Ya kuvuka mpaka? Kibali cha KEPHIS (shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea) kwanza.