Sikiliza Kanda Nzima: Ushauri kwa Tuliokua na Bongo Fleva

Kila ninapokutana na watu wa rika langu kwenye harusi au kikao cha ukoo, haupiti muda mrefu kabla ya mmoja wetu kutangaza kwamba muziki uliisha zamani na kwamba wanaoimba sasa wanapiga kelele tu. Sisi ni wale tuliosoma sekondari kati ya mwaka 1999 na 2006 hivi, tuliozikariri beti za Professor Jay kabla ya kulikariri jedwali la elementi, na ambao mpaka leo tukisikia mdundo uliotengenezwa na P-Funk Majani pale Bongo Records tunautaja wimbo kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Hamu hiyo ninayo, wala siioni kuwa ni jambo la kuonewa haya. Ninachokiona, baada ya kuishi nayo kwa miaka mingi, ni kwamba wengi wetu tumebaki na nyimbo chache zilezile, tunazirudia mwaka hadi mwaka, kisha tunazitumia kama ushahidi wa mashtaka dhidi ya vijana. Ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea, ni huu: itafute albamu nzima ya wakati wako, uisikilize kuanzia upande A hadi mwisho wa upande B, bila kuruka hata wimbo mmoja.

Nina sababu ya kusisitiza hivyo. Muziki wetu ulitufikia kwa kanda, na mtu aliyenunua kanda alinunua kila kilichokuwa ndani yake, kizuri na kibaya. Kuruka wimbo kulimaanisha kupeleka mkanda mbele kwa kukisia, na kama redio ilikuwa ya betri, kila kubonyeza huko kulikuwa na gharama, ndiyo maana wenye akili walizungusha kanda kwa kalamu ya Bic. Kwa hiyo tulizisikiliza nyimbo zote. Miaka ilipopita, kumbukumbu ikafanya kazi ya chekeche: ikapitisha zile zilizotugusa, na makapi yote ikayaacha nje. Leo tunachukua kile kilichochekechwa kwa miaka zaidi ya 20 na kukilinganisha na kila wimbo uliotoka wiki hii, halafu tunashangaa kuona kwamba cha zamani kimeshinda.

Nilipoanza kuzisikiliza upya kanda zangu kwa utaratibu huo, nilikutana na mambo mawili ambayo sikuyatarajia. La kwanza ni wingi wa nyimbo dhaifu: viitikio vilivyoimbwa nje ya ufunguo, midundo iliyochukuliwa waziwazi kutoka Marekani, maigizo ya simu baina ya wimbo na wimbo ambayo hata wakati ule hayakumchekesha mtu, na mapenzi ya aina moja yaliyolalamikiwa kwa maneno ya aina moja. La pili ni nyimbo nzuri sana zilizojificha katikati ya upande B, ambazo redio hazikuzipiga na kwa hiyo hazimo katika orodha za mtu yeyote leo. Hizo za pili ndizo malipo ya kazi hii, kwa sababu hutokea mtu akapata wimbo mpya wa ujana wake akiwa na umri wa miaka 40, jambo ambalo sijui njia nyingine ya kulipata.

Inafaa pia kujua kwamba nguvu ya nyimbo hizi haitokani na ubora wake peke yake. Wataalamu wa saikolojia wameonyesha kwa tafiti nyingi kwamba watu wazima wanapoulizwa kuhusu maisha yao hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo yaliyowapata kati ya umri wa miaka 10 na 30, na muziki umo katika mambo hayo. Ndiyo kusema kwamba aliyezaliwa mwaka 1950 ana zake, aliyezaliwa 1983 ana zake, na mtoto wa kidato cha tatu leo anajiwekea zake sasa hivi, akiwa na spika ya bluetooth ambayo mama yake anaichukia.

Hapo ndipo ninapowasihi wenzangu wakumbuke tulivyoambiwa. Kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, Tanzania Bara ilikuwa na Radio Tanzania tu, na muziki uliosikika humo ulikuwa wa dansi, taarabu, kwaya na ngoma. Mwaka 1994 ikaja Radio One, kisha nyingine zikafuata, na watangazaji vijana wakaanza kuwapigia vijana wenzao rapu ya Kiswahili, ile ambayo Saleh Jabir alikwisha kuifungulia njia mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipotia maneno ya Kiswahili katika wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice. Wazazi wetu, waliolelewa na gitaa la Mbaraka Mwinshehe na sauti ya Marijani Rajab, waliusikiliza muziki huo wakasema ni uhuni. Walisema hauna vyombo, hauna mashairi, na hautadumu. Baba yangu mdogo, ambaye kwake bendi ya dansi ya Sikinde ilikuwa mwisho wa maarifa, alikuwa akitoka sebuleni kila video ya Juma Nature ilipoanza kwenye televisheni.

Lakini hata hao hawakusalimika katika ujana wao. Mwezi Novemba 1969 mamlaka za Dar es Salaam zilipiga marufuku muziki wa soul katika madansi, kwa hoja kwamba ulikuwa ukiharibu maadili na utamaduni wa taifa, na waliozuiwa kuucheza wakati huo ndio waliokuja kuwa wazazi na wakubwa wetu. Ukilijua hilo, utaisikia singeli, muziki wa kasi wa vijana wa Manzese na Tandale, kwa sikio jingine. Siwashauri wenzangu waipende kwa lazima. Mwenyewe huichoka upesi, kwa kuwa kasi yake inaushinda mwili wangu. Ninachoshauri ni kwamba kabla ya kuihukumu waisikilize kama tulivyotaka sisi tusikilizwe, maana lawama ya kukosa vyombo na kukosa mashairi tunaifahamu vizuri kutoka upande wa kushutumiwa.

Jambo ambalo limenipa faida kubwa kuliko yote ni kuyasikiliza maneno kwa umri nilionao sasa. Wengi wetu tulikuwa na daftari la nyimbo, tukisimamisha kanda kila baada ya mstari ili tuandike, lakini tuliandika sauti zaidi ya maana. Chukua “Ndio Mzee” ya Professor Jay, iliyomo katika albamu ya “Machozi, Jasho na Damu” ya mwaka 2001. Shuleni ilikuwa kichekesho cha mgombea anayeahidi yasiyowezekana huku wananchi wakimwitikia. Ukiisikiliza leo unajua kwamba mwimbaji mwenyewe aligombea na kushinda ubunge wa Mikumi mwaka 2015, na kwamba Sugu, mwanarapu aliyemtangulia katika fani, alikwisha kuingia bungeni mwaka 2010 kwa jimbo la Mbeya Mjini. Wimbo haujabadilika hata neno, lakini kila ahadi iliyomo sasa ina uzito ambao mwanafunzi wa kidato cha pili hakuweza kuupima. Vivyo hivyo Wagosi wa Kaya wa Tanga walipoimba kuwalaumu wauguzi, sisi tulicheka lafudhi. Aliyewahi kumpeleka mzazi wodini atacheka kidogo zaidi.

“Starehe” ya Ferooz, aliyoimba kwa kushirikiana na Professor Jay, inahitaji uangalifu wa pekee. Ni simulizi ya mgonjwa anayeeleza jinsi anasa zilivyomfikisha kwenye virusi vya UKIMWI, na sijui mtu wa rika langu asiyeweza kuiimba. Tatizo ni kwamba ilitungwa katika mazingira ambayo kwa familia nyingi kuambukizwa kulikuwa sawa na kuaga. Mpango wa serikali wa kutoa dawa za ARV bila malipo ulianza mwaka 2004, na ulichukua muda kufika kila wilaya. Binti yangu alipousikia aliuliza kwa nini yule mtu hatumii dawa tu. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na lilitufungulia mazungumzo kuhusu majirani na ndugu tuliowazika miaka ile ambayo huenda yasingeanza kwa njia nyingine. Kwa hiyo ukiwapigia watoto nyimbo zako, usiishie kuzisifu. Waeleze kulikuwa na nini, simu zilikuwa kwa nani, kwa nini watu waliogopa kupima, na uwe tayari kukubali kwamba baadhi ya mistari, hasa ile inayowatukana wasichana, haikustahili kuimbwa hata wakati ule.

Sasa nije kwenye kazi ya mikono, ambayo ndiyo ya haraka zaidi. Sehemu kubwa ya muziki wa miaka hiyo ilitoka kwa kanda peke yake, na unachokikuta mtandaoni mara nyingi ni nakala ya nakala, jina la wimbo limekosewa, na aliyetengeneza mdundo hatajwi. Kama una kanda halisi, yenye karatasi yake ya ndani, una kitu ambacho huenda hakiko popote pengine. Joto na unyevu, hasa kwa sisi wa pwani, huleta ukungu mweupe juu ya mkanda, na ukiupiga mkanda wenye ukungu unachafua hedi, yaani kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, na kuueneza ukungu kwa kanda nyingine. Zihifadhi kanda zikiwa zimesimama ndani ya maboksi yake, mbali na dirisha, mbali na spika kubwa zenye sumaku, na uvunje vile vibanzi viwili vya juu ili mtu asirekodi kitu kingine kwa bahati mbaya.

Kabla ya kuhamishia sauti kwenye kompyuta, ipeleke deki yako, yaani mashine ya kupigia kanda, kwa fundi redio akubadilishie mipira, kwa sababu mpira uliolegea hubadilisha kasi na kumfanya mwimbaji asikike kama amechoka. Safisha hedi kwa pamba na spiriti, iache ikauke. Upeleke mkanda mbele hadi mwisho na uurudishe mwanzo kabla ya kuupiga, ili ujikunje sawasawa. Kanda za dakika 90 zina mkanda mwembamba kuliko za dakika 60, kwa hiyo hizo zishughulikie kwa upole. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo inayoiweka sawa na mkanda: ukiizungusha kidogo sana huku ukisikiliza, utafika mahali ambapo sauti za juu, kama matoazi, zinafunguka ghafla, na hapo ndipo pa kuiacha. Unganisha deki na kompyuta kwa kadi ndogo ya sauti ya USB, kwa kuwa tundu la maikrofoni la kompyuta nyingi za mkononi hupokea upande mmoja tu wa stereo. Programu ya Audacity inatosha na haina malipo. Rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, ambayo kwa ubora wa 48,000 Hz na biti 24 huchukua takriban GB 1 kwa kanda ya dakika 60, kisha utengeneze MP3 kwa ajili ya kutumiana. Usikimbilie kuondoa mvumo wa mkanda. Anayeuondoa kwa pupa huondoa pia pumzi za mwimbaji.

Piga picha karatasi ya ndani pande zote mbili. Mara nyingi ndiyo kumbukumbu pekee ya studio iliyotumika, mtayarishaji na waitikiaji, na kwa historia ya muziki huu, ambamo watu kama P-Funk, Master Jay na Miikka Mwamba kutoka Finland walifanya kazi kubwa nyuma ya pazia, majina hayo ni muhimu kama sauti yenyewe. Faili lipe jina la msanii, albamu, upande na namba ya wimbo. Weka nakala moja kwenye fleshi na nyingine mahali pengine.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni kama mtu akishamaliza anaweza kuipandisha albamu nzima mtandaoni. Jibu langu ni hapana, si kabla ya kumuuliza mwenyewe. Wasanii wengi wa kipindi hicho walilipwa na wasambazaji fedha za mara moja, kanda ikauzwa na kurudufiwa mitaani bila wao kuona kitu, na haki zao chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 hazijafutika kwa sababu tu sisi tunawakumbuka kwa upendo. Wengi bado wako hai na wanapatikana kwa urahisi kwenye kurasa zao. Mwandikie, mwambie una kanda yake ya mwaka fulani katika hali nzuri na umeihamishia kwenye faili safi, umpe nakala bure, kisha yeye aamue. Akiiweka kwenye ukurasa wake, isikilize hapo, na uwaelekeze hapo wale wote wanaosema kwenye harusi kwamba muziki uliisha.