Je, spishi ngeni nazo zihesabiwe tunapopima bayoanuwai?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninafanya utafiti mdogo wa mimea katika maeneo mawili yanayopakana. Eneo A ni msitu ambao haujawahi kufyekwa. Eneo B lilifyekwa zamani, kisha likaachwa lijiotee. Nimepima viwanja vya ukubwa sawa, na ikatokea kila upande una mimea 100. A ina spishi 5, zote za asili, kwa mgawanyo wa 60, 20, 10, 5 na 5. B ina spishi 7: nne za asili (20, 15, 10, 5) na tatu ngeni, yaani zilizoletwa na watu kutoka kwingine (25, 15, 10). Fahirisi ya Shannon, kipimo cha bayoanuwai (utofauti wa viumbe hai) kinachopanda spishi zinapokuwa nyingi na kulingana kwa wingi, imenipa 1.16 kwa A na 1.85 kwa B. Msimamizi wangu anasema nizifute spishi ngeni nipige hesabu upya. Mwenzangu anasema kiumbe ni kiumbe, nihesabu zote. Nimfuate nani?

JIBU: Asante sana ndugu yangu kwa kuniletea tarakimu zenyewe. Nimezirudia hesabu zako na ziko sawa, 1.16 na 1.85. Kisha nikafanya alichoshauri msimamizi wako: nimeziondoa zile tatu ngeni, B ikabaki na mimea 50, yaani 20, 15, 10 na 5. Fahirisi mpya ni 1.28. Hata baada ya kumtoa kila mgeni, eneo lililofyekwa bado linaushinda msitu wako usioguswa!

Hapo tusimame kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoteleza. Shannon haijali una mimea mingapi. Inajali kila spishi imechukua sehemu gani ya jumla, na sehemu hizo zimelingana kiasi gani. Ukifuta ngeni, ile mimea 50 inageuka kuwa asilimia 100. Spishi iliyokuwa na asilimia 20 ya eneo inapanda hadi asilimia 40 ya orodha yako. Kwamba mimea ya asili ya B ni nusu tu ya ile ya A, hesabu imelimeza hilo bila kuacha alama. Eneo A nalo linaumizwa na ile spishi moja yenye mimea 60, kwa sababu fahirisi hii hushuka spishi moja inapotawala. Lakini kutawala si ugonjwa. Msitu wa mikoko wenye afya njema unaweza kuwa na spishi moja au mbili kwa eneo kubwa, ukapata alama ndogo ya Shannon, na msituni hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo, kuhesabu zote kumekupa jibu lisilofaa, na kufuta kumekupa jibu lisilofaa pia. Mimi nakushauri hivi: hesabu zote, usifute hata moja, lakini usiishie kwenye tarakimu moja inayozichanganya. Ongeza safu kwenye jedwali lako inayoonyesha asili ya kila spishi, kisha toa tarakimu kadhaa badala ya moja. Kwa data yako: spishi za asili ni 5 dhidi ya 4, spishi ngeni ni 0 dhidi ya 3, sehemu ya mimea iliyo ngeni ni 0 dhidi ya asilimia 50. Mistari mitatu tu, na msomaji yeyote anaona kilichotokea B. Shannon iweke baada ya hapo ukipenda, na useme wazi kwamba imehesabiwa kwa spishi zote.

Mwenzako ana hoja, na sipendi ipuuzwe. Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992 unaieleza bayoanuwai kuwa ni tofauti zilizopo miongoni mwa viumbe hai kutoka vyanzo vyote, na hausemi kiumbe lazima awe wa asili ya mahali alipo. Mwanaekolojia Martin Schlaepfer aliandika mwaka 2018 akihoji kwa nini fahirisi nyingi huziacha nje spishi ngeni. Nakubaliana naye kwamba kuzificha ni kupoteza taarifa. Spishi ngeni inakula, inachavushwa, inatoa kivuli, inabadilisha udongo. Ukiifuta kwenye daftari, atakayerudi hapo baada ya miaka 20 hatajua ilianza lini kuenea.

Nisipokubaliana na hoja ya kuzijumlisha zote ni pale tunapotoka kwenye kiwanja kimoja na kutazama eneo pana. Chukua vilima vitatu. Kila kimoja kina spishi 10 za asili: 4 zinapatikana kwenye vilima vyote, na 6 ni za kilima hicho peke yake. Jumla ya vilima vyote ni 4 na 18, yaani 22. Sasa waingie wageni 5, walewale kila kilima, na kila kilima kipoteze spishi 3 katika zile zake za pekee. Nenda kahesabu: kila kilima sasa kina spishi 12. Mpimaji wa kilima kimoja ataandika kwamba bayoanuwai imepanda kutoka 10 hadi 12, na atakuwa hajadanganya. Lakini jumla ya vilima vyote imeshuka kutoka 22 hadi 18, na za asili zimebaki 13. Zamani vilima vilishirikiana spishi 4 katika 10. Leo vinashirikiana 9 katika 12. Vimeanza kufanana. Ndiyo maana Robert Whittaker, mwaka 1960, alitofautisha bayoanuwai ya alfa, ya mahali pamoja, na ile ya beta, ya tofauti kati ya mahali na mahali, na ile ya gama, ya eneo zima. Spishi ngeni mara nyingi huipandisha alfa huku zikiila beta.

Haya hayaishii kwenye mifano ya kubuni. New Zealand ina zaidi ya spishi 2,000 za mimea ya asili, nyingi hazipatikani kwingine popote duniani, na idadi inayokaribiana na hiyo ya mimea iliyoletwa na watu imeshajiotea porini. Ukihesabu spishi tu, visiwa hivyo vimejizidisha karibu mara mbili. Dunia, hata hivyo, haikuongezeka hata spishi moja, kwa kuwa kila mgeni yule alikuwa tayari na kwao. Spishi inayopatikana mahali pamoja tu ikitoweka, hakuna nyingine ya kuongeza kwenye hesabu ya dunia.

Ziwa Victoria linaonyesha upande mchungu zaidi. Sangara aliingizwa humo miaka ya 1950. Furu, samaki wadogo wa asili waliokuwa na mamia ya spishi, walianguka vibaya katika miaka ya 1980, na spishi zinazokadiriwa kufika 200 hazikuonekana tena. Sangara hakuwa sababu pekee, maji pia yalikuwa yakichafuka na kupoteza hewa. Katika orodha ya spishi, sangara ni mstari mmoja uliojumlishwa, na uzito wake kwenye orodha ni sawa na wa spishi moja ya furu. Mwenzako aufikirie mstari huo kabla hajasema kiumbe ni kiumbe.

Sangara huyohuyo anatufundisha jambo la pili. Ziwa Turkana ni kwao. Ukichukua orodha ya samaki wa asili wa Kenya utamkuta, na ukiitumia orodha hiyo Ziwa Victoria utamwandika mwenyeji. Basi unapojaza safu yako ya asili, uliza: wa asili ya wapi? Mpaka wa nchi hautoshi. Tumia bonde la mto, ziwa, mlima au aina ya uoto. Uliza pia: tangu lini? Wataalamu wa mimea wa Uingereza hutenganisha mimea iliyoletwa na watu kabla ya mwaka 1500 na ile iliyokuja baadaye. Wewe chagua kigezo chako, kiandike kwenye sehemu ya mbinu, na usikibadilishe katikati.

Na safu isiwe na majibu mawili tu. Weka "haijulikani", maana zipo spishi ambazo hakuna awezaye kuthibitisha kama ni wenyeji au wageni, hasa baharini, ambako meli zimebeba viumbe kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuandika orodha. Spishi iliyosogea yenyewe kwa sababu joto limeongezeka nayo usiitie kapu moja na iliyoletwa kwa meli. Ngeni ni ile iliyofikishwa na binadamu, kwa kutaka au kwa bahati mbaya.

Usichanganye pia ngeni na vamizi, yaani ngeni inayoenea na kuleta madhara. Ripoti ya 2023 ya IPBES, jopo la kimataifa la wanasayansi wa bayoanuwai, ilihesabu zaidi ya spishi ngeni 37,000 zilizoingizwa na binadamu duniani kote, na zaidi ya 3,500 kati yake ndizo zenye madhara yaliyothibitishwa. Nyingi hazina shari inayojulikana. Lakini hizo chache zimechangia, peke yake au pamoja na sababu nyingine, asilimia 60 ya kutoweka kwa spishi kulikorekodiwa. Kwa hiyo kwa zile tatu zako, andika majina, na kwa kila moja onyesha kama inajulikana kuwa vamizi. "Spishi ngeni 3" bila majina haina msaada mkubwa kwa atakayesimamia eneo hilo.

Kama msimamizi wako bado anataka tarakimu moja, zipo fahirisi zilizoundwa zikijua asili ya spishi. Moja ni fahirisi ya ubora wa uoto, iliyoanzia eneo la Chicago, ambapo kila spishi ya asili hupewa alama kuanzia 0 hadi 10 kulingana na inavyotegemea makazi yasiyoharibiwa, ngeni hupewa 0, kisha wastani wa alama huzidishwa kwa mzizi wa mraba wa idadi ya spishi. Ni nzuri mahali ambapo wataalamu wameshakaa wakazipanga alama hizo. Kama hazijapangwa kwenu, usizibuni mwenyewe. Nyingine ni ile ya ukamilifu wa bayoanuwai, iliyopendekezwa na Scholes na Biggs mwaka 2005: inalinganisha wingi wa spishi za asili ulipo sasa na ulivyokuwa pasipo uharibifu. Wazo lake unaweza kulitumia leo, kwa kuwa A iko jirani na ni ya kulinganishia: mimea 50 ya asili dhidi ya 100. Kwa ukali zaidi, linganisha spishi kwa spishi, usiache ongezeko la moja lifiche kuporomoka kwa nyingine.

Hilo linanirudisha kwenye jedwali lako. A ina spishi tano za asili na B nne, lakini hukuniambia kama zile nne za B zimo katika tano za A, wala ni ipi iliyokosekana. Ikiwa iliyokosekana ni mojawapo ya zile zenye mimea 5, huenda ipo B na viwanja vyako vimeikosa tu, kwani spishi adimu hukwepa sampuli ndogo kwa urahisi. Kabla ya kuandika kwamba imetoweka, rudi B, ongeza viwanja, uitafute kwa jina.