Mwanao Ameshatolewa Nje, Mama, na Wewe Ndiyo Kwanza Unapiga Yowe

*Shangazi, shikamoo. Kifungua mimba wangu yuko mwaka wa pili chuoni, Ohio, Marekani. Mwezi wa nne binamu yake alinirushia picha mbili. Ya kwanza, vijana tisa wamepanga mstari, nguo nyeusi, nyuso zimefunikwa barakoa, kifuani herufi za Kigiriki. Ya pili wamevua, na mmoja wao ni mwanangu! Shoga yangu akaniambia hao ni frimasoni. Kumuuliza baba watoto, akanijibu bila hata kushtuka: "Najua tangu Januari, na ada nimelipa mimi." Dola 1,200! Mtoto simu zangu hapokei. Nimemwambia mume wangu amtoe huko, au mimi nirudi kwetu Pangani, na sanduku nimeshalitoa uvunguni. Amenyamaza tu. Je, mume anayeshirikiana na mtoto kunificha mambo, ana mapenzi ya kweli?*

*Mama wa Kifungua Mimba, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mshtuko. Mzazi yeyote angeruka akiona picha ile. Nimeshakupa pole, sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Frimasoni umewataja mara moja, tena kwa mdomo wa shoga yako. Kilichobaki ni kwamba baba alijua na wewe hukujua. Na mwisho umeniuliza nini? Hukuuliza kama mtoto yu salama. Umeuliza kama mume anakupenda. Kinachokuchoma ni wivu, mama. Mtoto amemwendea baba yake, wewe amekupita.

Na amekupita kwa sababu. Kila akiwekacho kwenye simu yake, binamu anakufikishia, na kabla chai haijapoa shoga yako ameshakitolea fatwa. Wewe ungekuwa yeye, ungemweleza mama yako jambo? Halafu angalia tarehe ulizoandika mwenyewe. Picha ni za mwezi wa nne, baba anajua tangu Januari. Maana yake kijana alimwambia mzazi kabla hajaingia. Aliomba ruhusa. Wangapi wa umri wake, walio mbali hivyo, wanaomba ruhusa?

Hilo la frimasoni tulimalize. Wamarekani wana vyama vya undugu vya wanafunzi, wanaviita fratenati, na vya wasichana sororiti. Herufi za Kigiriki zilianza na chama cha Phi Beta Kappa, Virginia, mwaka 1776. Mambo ya siri, viapo na salamu za mkono, ndiyo, mengine waliyaiga kwa frimasoni wa zama zile. Kuiga si kuwa. Sasa picha unazonieleza, za mstari na barakoa, zinafanana sana na vyama vya wanafunzi weusi. Cha kwanza chao kilichosambaa vyuo vingi, Alpha Phi Alpha, kilianzishwa na vijana saba katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906. Weusi walikuwa wachache pale, nao walihitaji mahali pa kushikana mikono. Martin Luther King alikuwa mwanachama wake. Nkrumah wetu, alipokuwa mwanafunzi Pennsylvania, aliingia kingine cha weusi, Phi Beta Sigma. Kamala Harris ni wa sororiti ya Alpha Kappa Alpha. Mtu haingii kwa kutaka tu: wanatazama alama zake za darasani, wanataka barua za kumdhamini na kazi za kujitolea alizofanya, ndipo wanakuja kwenye ada. Akishaingia, ni mikutano, michango, kusaidia jamii, tena si kwa miaka ya chuo peke yake. Wako wazee wa miaka 70 ambao bado wanalipa michango na kuzikana kama ndugu.

Wewe umetoka Pangani. Hebu niambie, ulipovunja ungo hukuwekwa ndani? Hukuwa na somo wako? Uliyofundishwa mle ndani, baba watoto umewahi kumsimulia? Siri ya mtungi aijuaye kata. Basi usishangae kuwa na mwanao ana yake.

Nikwambie na zile picha ni za nini. Wanachama wapya husimama mbele ya watu wamejifunika, wanasoma historia ya chama kwa sauti moja, wanapiga miguu na makofi mpaka ardhi inaitikia, kisha wanavua barakoa mmoja mmoja, na watu wanashangilia kila uso. Huko ni kutolewa nje, mama, kama mwali anavyotolewa. Ulichokiona ni mwisho wa jambo. Magumu yote yalikuwa miezi ile ya baridi, na kwa barua yako mwenyewe, aliyekuwa akipokelewa simu ni baba yake.

Na magumu yapo, sitakudanganya. Jando letu lilikuwa na ngariba na kungwi, watu wazima, na mtoto akizidiwa kuna mzee wa kusema basi. Penye wazee haliharibiki neno. Kule kungwi ana miaka 21 na mwali ana 19. Wazee wa chama wameandika kanuni, lakini usiku ule wa mambo hawapo. Februari 2017, chuo cha Penn State, kijana wa miaka 19 alinyweshwa pombe usiku wa kukaribishwa, akaanguka ngazi. Wenzake walimlaza kwenye kochi, na msaada haukuitwa mpaka kesho yake asubuhi. Alikufa. Machi 2021, hukohuko Ohio, kijana wa chuo cha Bowling Green alimalizishwa chupa ya wiski, naye akafa. Hivyo vilikuwa vyama vya nyumba kubwa na karamu, lakini vya weusi navyo vina msiba wao, nao ni kipigo. Missouri, mwaka 1994, kijana alikufa kwa kupigwa na hao aliotaka kuwaita ndugu. Na hapo vyama vyenyewe vilikuwa vimeshapiga marufuku mambo hayo tangu 1990.

Ungekuwa umeniandikia kwa hofu hiyo, ningekaa upande wako usiku kucha. Mume wako huenda ndiye aliyeibeba peke yake. Kunyamaza kwake umekuita dharau. Mimi naona mtu aliyetishiwa sanduku, akaona akijibu nyumba itawaka. Kosa lake moja ni kwamba alipaswa kukwambia Januari hiyohiyo, na hilo mwambie kwa upole. Ila jiulize, angekwambia, siri ingelala kwako usiku mmoja?

Hapa nisameheni wasomaji wengine, kwa sababu barua za namna hii zimekuwa nyingi. Ndoa za siku hizi zinahukumiwa kwenye kundi la wasapu kabla mwenye ndoa hajaulizwa. Zamani ukikwazika unakwenda kwa somo wako, mtu mmoja, mlango umefungwa, na hukumu yake huenda ikakuumiza wewe. Leo mwanamke anatafuta mashahidi kumi wa kumwambia ana haki, na wanaume nao vijiweni ni hivyohivyo. Na hii ya "nirudi kwetu" imekuwa salamu. Wazazi wako Pangani watakupokea kwa kosa gani la mume? Kumlipia mtoto ada?

Fanya hivi. Muombe radhi baba watoto, usiku wa leo, bila "lakini". Kisha mumpigie kijana pamoja, simu iwe mkononi mwa baba ili apokee. Saa tatu usiku ya kwenu, kwao bado ni mchana. Usimuulize siri za chama. Muulize jina la chama na tawi lake, maana sheria ya Marekani ya Desemba 2024 inavitaka vyuo kutangaza vyama vilivyokutwa na hatia ya kutesa wanafunzi wapya, nanyi mtaweza kusoma wenyewe. Muulize masomo yanakwendaje.

Halafu muulize swali ambalo hata baba yake huenda hajaliwaza: "Mwakani wakija wadogo zenu, mtawapokea vipi?" Kwa sababu mwali wa mwaka huu ndiye kungwi wa mwaka kesho. Ohio ina sheria tangu 2021: kumlazimisha mgeni wa chama kunywa pombe hadi akadhurika vibaya ni jinai kubwa, na watu wanakwenda jela. Mtoto uliyemlea Tanga anajua mgeni anavyopokelewa. Mkumbushe, kisha unyamaze umsikilize, hata akikaa kimya dakika nzima.

Na hilo sanduku lirudishe uvunguni kabla mzee hajarudi kutoka kazini.