Kikoromeo Kikishuka, Sauti Hupata Nini?

SWALI: Naimba sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa letu. Mwalimu hutuagiza tushushe kikoromeo ili sauti ijae, lakini nikijaribu, wenzangu husema naimba kama mtu mwenye uji mdomoni. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, mwalimu wako hajakosea, ila nahisi wewe unakikandamiza kikoromeo kwa ulimi. Kiguse kwa kidole umeze mate, nacho kitapanda. Kisha vuta pumzi kama anayeanza kupiga mwayo, nacho kitashuka chenyewe.

Mlio unaozaliwa kwenye nyuzi za sauti hupita katika mfereji wa koo na mdomo, ambao kwa mwanamume mzima una urefu wa takriban sentimita 17. Kikoromeo kinaposhuka, mfereji huo hurefuka na kuyapa nguvu zaidi masafa ya chini, yaani mitetemo ya polepole ya sauti, ndiyo maana sauti husikika nzito na yenye kiza. Kikipanda, hung'aa na kuwa nyembamba. Noti yenyewe haibadiliki, kwa kuwa hiyo huamuliwa na nyuzi.

Hata hivyo, kiza peke yake hakiijazi sauti. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza kwamba waimbaji wa kiume wa opera huwa na mvumo wa pekee karibu na hezi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde), mahali ambapo okestra, ambayo nguvu zake nyingi ziko karibu na hezi 500, imekwisha kufifia. Kwa hiyo husikika bila kipaza sauti. Mvumo huo hutoka katika kijia kifupi kilicho juu tu ya nyuzi, iwapo eneo la tundu lake la juu ni kama sehemu moja ya sita ya eneo la koo linalofuata. Kikoromeo kikishuka kwa ulegevu, koo hupanuka na uwiano huo hupatikana. Ulimi ukisukumwa nyuma, shina lake huijaza nafasi ileile uliyotaka kuipanua, na huo ndio uji wanaousikia wenzako.

Basi anza kwa mwayo mdogo, ncha ya ulimi ikigusa meno ya chini, uimbe «u» kisha «a» katika noti za kati. Unapopanda juu, usikizuie kikoromeo kuinuka kidogo. Ila usitafute mvumo wa opera kwaya nzima ikiimba, kwani sauti yako itachomoza peke yake, na mwalimu atalazimika kutoa agizo jingine.