Maswali yenu: gari ukiwa bado chuo, ninunue au niache?

Maswali ya gari yamejaa tena, na wengi mnauliza bei ya kununua tu kana kwamba ukishalipa ndo imeisha. Haijaisha, ndo imeanza. Twende.

Gari gani nzuri kwa mwanafunzi wa chuo?

Ile ambayo mafundi wa unapoishi wanaijua na spea zake hazitafutwi kwa tochi. Hujasema unaenda wapi, mara ngapi, na una hela gani kwa mwezi, halafu unataka nikutajie jina la gari. Swali hili nalijibu kila mara, likija tena hivi hivi nalipita.

Niko mwaka wa kwanza, nimedunduliza na sasa hela inatosha kabisa gari used. Nichukue?

Inatosha kununua, ya kuitunza iko wapi? Hapa ndo wengi wanaumia, mtu anamaliza akiba yote siku ya kwanza halafu mwezi wa pili gari iko gereji na yeye anakopa nauli. Weka hesabu yote mezani: mafuta, bima, ada za serikali, parking, sevisi. Oili na filta ni kila kilomita 5,000 mpaka 10,000 kutegemea na oili yenyewe na kitabu cha gari kinasemaje. Maji ya breki kila miaka 2 hivi, maana yanavuta unyevu wa hewani na yakishavuta yanachemka mapema, unashuka mlima unakanyaga pedali inazama tu. Betri miaka 3 hadi 5. Na kama injini inatumia mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, wengi wanaubadilisha kwenye kilomita 100,000 hivi, ukikatikia barabarani kwenye injini nyingi valvu zinagongana na pistoni na hapo unatafuta injini nyingine. Kwa hiyo ukikuta gari ya bei chee ina kilomita 95,000, uliza kwanza habari ya huo mkanda.

Fanya hivi: kwa miezi mitatu, kila mwezi weka pembeni hela yote unayodhani gari itakula, usiiguse kwa lolote. Ukishindwa, jibu umelipata na hujapoteza kitu. Ukiweza, hiyo ndo hela ya matengenezo ya kwanza, na amini usiamini yanakuja mapema.

Nakaa hosteli ndani ya chuo, darasani natembea kwa mguu, ila wikiendi napenda kwenda nyumbani.

Panda basi. Gari ya kusimama wiki nzima inaharibika ikiwa imesimama, betri inashuka, diski za breki zinashika kutu, tairi zinakaa bapa upande mmoja. Na ukisema utaiwasha uende nayo mpaka kantini ndo mbaya zaidi, injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu. Siku moja fungua kifuniko cha oili cha gari ya safari fupi fupi, utakuta utando wa rangi ya maziwa umeganda chini yake.

Naweza kutoa kidogo kwenye mkopo wa masomo nikamalizia hela ya gari?

Usiguse. Thamani ya gari inashuka kila mwaka, deni linabaki pale pale, na pengine riba juu.

Mchana nafanya kazi, jioni nasoma, na kipindi kinaisha basi la mwisho limeshaondoka. Nyumbani wanasema gari ni anasa.

Kwako sio anasa, nunua kama ile hesabu ya juu inakubali. Vivyo hivyo kwa mwenye mtoto wa kupeleka na kurudisha, au mwenye ulemavu ambaye usafiri wa umma unamtesa. Wasiwasi wangu kwako ni usingizi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu akikaa macho masaa 17 utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na wewe ukiamka alfajiri ukatoka darasani usiku umeshafika hapo. Kope zikiwa nzito paki sehemu salama ulale hata dakika 20, kufungua dirisha na kuongeza muziki hakusaidii.

Bima ndogo au kubwa?

Ndogo inamlipa uliyemgonga, gari yako haiihusu. Kama gari ikipotea leo huwezi kununua nyingine, kata kubwa. Halafu acheni ule mchezo wa kuandika mzazi ndo dereva mkuu ili bei ishuke wakati anayeendesha kila siku ni wewe, kampuni ikigundua siku ya ajali inaweza kukataa kulipa, na familia nzima inabeba deni.

Washkaji wanaazima gari, nikikataa wananuna.

Waache wanune. Soma bima yako inamruhusu nani kuendesha, utashangaa. Na wakipanda na wewe kila mtu mkanda, wa nyuma pia, viti vitano ni watu watano.

Kuna mtu anamaliza chuo ananiuzia gari yake haraka haraka, anasema fundi wa nini wakati yeye anaitumia kila siku.

Nenda asubuhi bila kumpa muda wa kujiandaa, weka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto kashaiwasha kabla hujafika na mara nyingi kuna kitu anaficha. Iwashe ya baridi uangalie moshi: wa bluu inakula oili, mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto maji yanaingia ndani, mweusi mafuta yanazidi. Ubavuni mwa tairi soma tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT, 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019, kashata, yale meno ya tairi, hata zikiwa nzuri tairi la zamani linaweza kupasuka. Namba ya chesi ilingane na kadi ya gari, jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho chake. Na akikataa fundi wako asiiguse, ondoka, usimwachie hata advansi.